Mounira na mbuzi asiye jike wala dume

Saa mbili asubuhi, katika boma la mfugaji mmoja wa Lusangi, Mounira Alimasi anapapasa kichwa cha mwanambuzi wa miezi mitatu. Vidole vyake vinatafuta vijipembe viwili chini ya manyoya. Akivipata anashusha pumzi. Anamfunua midomo aone meno, anampima kifua kwa kiganja, kisha anainua mkia na kutazama kwa makini, kama mtu anayesoma barua.

“Huyu iko na pembe,” anasema. “Na iko jike kweli. Sasa ndiyo ninaweza kuangalia mugongo.”

Kwa miaka kumi na tisa alichagua kinyume kabisa.

Mounira, mjane wa miaka 48 kutoka Kasongo, mashariki mwa Kongo, analea watoto watano kwa mbuzi na shamba la muhogo. Kila mwaka anauza wanambuzi sita au saba, na ada za shule zinatoka hapo. Mara tatu mbuzi aliyemteua angali mdogo amechukua nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya mifugo. Watu waliliamini jicho lake, na jicho hilo lilipenda mbuzi wasio na pembe.

“Haitoboe mutoto, haipigane sana, na kichwa yake ni nzuri,” anaeleza. “Watu wa mujini wanaipenda.”

Kwa hiyo kila mara alibakiza dume asiye na pembe, akampandisha kwa majike wasio na pembe.

Mwaka jana alizaliwa mmoja mweupe, mwenye masikio meusi. Mounira alimchagua kati ya wanambuzi tisa na kumwita Madame, kwa sababu ya mwendo wake. Alimwosha kwa sabuni kila Alhamisi. Alimfundisha kutembea na kamba, kisha kusimama wima bila kutapatapa.

Alipofika miezi minane, Madame alianza kunuka kama beberu. Akawa anawakimbiza majike wenzake.

“Nilisema ni nguvu tu,” Mounira anakumbuka. “Nilimuosha tena.”

Siku ya maonyesho, uwanja ulikuwa na watu wapatao mia mbili. Mwamuzi, daktari wa mifugo anayeitwa Marcellin, alimzunguka Madame mara mbili na kuusifu mgongo wake. Kisha akainua mkia. Akamwita Mounira karibu.

“Mama, hii haiko jike.”

“Ni dume?”

“Haiko dume vile vile.”

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Kicheko kikakatika ghafla mtu mmoja alipopaza sauti kwamba huo ni uchawi. Wanawake wakawavuta watoto wao nyuma.

“Nilishika kamba tu,” anasema Mounira. “Nilikuwa ninaona midomo ya watu inatembea, lakini sikusikia kitu.”

Marcellin alimpeleka kando, nyuma ya mabenchi, akamuuliza maswali mawili. Baba wa mbuzi huyu alikuwa na pembe? Hapana. Na mama yake? Hapana.

“Basi haiko laana, haiko mukono ya mutu,” daktari alimwambia. Mbuzi wawili wasio na pembe wakizaa pamoja, alieleza, baadhi ya watoto ambao wangekuwa majike huzaliwa hivyo, katikati. Hawatazaa kamwe. “Ni damu ya wazazi wale wawili. Na wewe ndiye uliwaunganisha.”

Mounira akawakumbuka wale aliowauza kwa nyama miaka yote akidhani ni tasa. Kisha akamkumbuka Asma. Anasema hapo ndipo alipoketi chini, mavumbini, na nguo zake za sherehe.

Asma, miaka 24, ni binti wa mdogo wake wa kike. Aliolewa Kabambare miaka minne iliyopita, na Mounira alimpa mbuzi wawili wasio na pembe, aliowachagua mwenyewe. Hakuna aliyezaa. Asma naye alikuwa hajapata mtoto. Mama mkwe wake, Mama Mwamini, akasema bibi harusi amekuja na ubaya wa tumbo kutoka kwao, na mbuzi ndio mashahidi. Mwishowe alimrudisha kwa baba yake, Lusangi, na mzigo wake kichwani.

“Nilikuwa ninajua ile maneno,” Mounira anasema, sauti ikishuka. “Nilimuambia Asma avumilie. Mimi! Kumbe ile ubaya niliifunga kamba kwa mukono yangu, nikamupa.”

Siku mbili baada ya maonyesho alipanda pikipiki kwenda Kabambare, Madame akiwa amefungwa nyuma ndani ya kikapu. Matope yaliwalazimu kulala njiani. Alipofika hakukubali hata maji. Mmoja wa wale mbuzi wawili alikuwa bado hai, akiwa amefungwa nyuma ya jiko.

“Mama Mwamini, angalia kwanza mbuzi yangu,” alisema. “Sasa angalia yako.”

Mama mkwe aliinama, akatazama, akainuka polepole.

“Miaka ine,” alisema. “Miaka ine nilikuwa ninaangalia uso ya mutoto wa watu, sikuangalia mukia ya mbuzi.”

Wiki iliyofuata, mume wa Asma, Djamali, alifika Lusangi kumchukua mkewe. Asma alikataa.

“Mama mukubwa aliniomba musamaha,” Asma anamwambia mwandishi. “Mwenye kunifukuza bado. Ninangoja yeye, siyo mutoto wake.”

Mounira hamlazimishi. Sasa ana beberu mwenye pembe, na mwakani anatarajia kurudi uwanjani na mwanambuzi aliyemchagua asubuhi hii. Lakini kabla ya hapo ana kazi nyingine. Amehesabu nyumba kumi na moja zilizochukua kwake mbuzi wasio na pembe. Amekwisha kufika saba na kueleza. Zimebaki nne, moja ikiwa ng’ambo ya mto Lualaba, naye atakwenda mvua zikipungua.

“Mbuzi ikikosa kuzaa, watu wanatafuta mutu wa kulaumu,” anasema. “Katika zile nyumba ine, sijui walimupata nani.”