Joto la Trei ya Sita

Biashara huria ilipoingia, redio mpya zilijaa Morogoro mjini, na sisi mafundi wa redio kuukuu tukabaki kufukuza nzi. Nikafuta "Fundi Redio" kwenye kibao changu, nikaandika "Mtaalamu wa Elektroniki". Kazi hazikuongezeka, ila kibao kilipendeza.

Kibao hicho kilimleta mama mmoja wa Kinole, mnunuzi wa pilipili manga. Kule milimani mvua haikatiki, kwa hiyo alikuwa amejenga tanuri la kukaushia lenye trei sita. Alitaka kujua joto la kila trei bila kufungua mlango.

"Utaweza, mwanangu?"

"Mama, kwangu hiyo ni kama kumsukuma mlevi."

Nikasuka koili sita za waya mwembamba wa shaba, moja kwa kila trei. Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda. Ukiupima ukinzani, umelijua joto. Mita nilikuwa nayo moja tu, basi nikang'oa swichi ya kuzungusha kwenye redio iliyokufa, ili mita ihame kutoka koili hadi koili.

Siku ya kuonyesha kazi nilipanda Kinole nimevaa tai, kwenye ukungu na matope. Mama alikuwa amewaalika majirani. Moto haukuwa umewashwa; nilitaka kwanza waone trei zote zikisoma baridi ileile. Nikazungusha swichi. Ya kwanza baridi. Ya pili vuguvugu. Ya sita, mshale ukapanda hadi kwenye alama ya kuunguza.

Mzee mmoja jirani akasogea. "Fundi, tanuri linajipasha lenyewe?"

Ningenyamaza ingekuwa afadhali. "Hapana, mzee wangu. Hilo ni joto lililobaki la jana."

"Jana hatukuwasha," mama akasema. Akafungua mlango, akavuta trei ya sita, akanipa niishike. Ilikuwa na umande.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilivua tai nikaitia mfukoni.

Nikairudisha swichi nyuma na mbele, mshale ukawa unaruka kila mara. Hapo nikaelewa: viguso vya ndani ya swichi, pale umeme unapopitia, vilikuwa na kutu, na kila kimoja kiliongeza ukinzani wake. Koili zangu zilikuwa na ukinzani mdogo mno, kwa hiyo nyongeza ile mita iliihesabu kuwa joto. Nikajaribu kupima swichi peke yake ili niitoe kwenye hesabu, lakini kila nikizungusha ilinipa jibu jipya.

Nikateremka mjini. Nilitafuta swichi ya ghorofa mbili, yaani swichi mbili zinazozungushwa pamoja na mhimili mmoja. Ghorofa moja ikapeleka umeme kwenye koili, na mkondo wake nikaubana usibadilike. Ya pili ikasoma volti kwa waya nyingine, zilizoshikizwa kwenye miguu ya koili yenyewe. Waya za kusomea hazibebi umeme wa maana, hivyo kutu ya swichi haikuwa na cha kuongeza. Jambo lenyewe nilifundishwa chuoni, na kwenye mtihani nililijibu vizuri sana.

Niliporudi Kinole nilizamisha koili zote kwenye ndoo moja ya maji. Zikasoma sawa.

"Zungusha tena," mama akasema.

Nikazungusha. Sawa.

Akawasha moto. Kabla ya mchana tukaona trei ya chini inachemka na ya juu inasinzia, naye akataka tuzibadilishe nafasi. Nikaanza kumweleza habari za ghorofa mbili za swichi.

"Shika huko upande wa pili," akanikatiza. "Hii trei nzito."