Tapkigen na Tufarasi Tutatu

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi ya birthday huko karibu na Kabianga, kwa mwalimu mmoja wa university. Nyasi imekatwa vizuri, watoto wamevaa kofia za karatasi, mimi nimeshika kamba ya kafarasi kamoja na mtoto ako juu, namzungusha pole pole. Mama mmoja akaja na simu kupiga picha. Akasema, "Woi, ona mtoto wa farasi."

Nikamwambia huyu si mtoto.

"Sasa ni nini?" akauliza, anacheka.

"Ni mtu mzima. Ana miaka mingi kuliko hiyo ndoa yako."

Sidhani wataniita tena, na sijali. Lakini nikirudi nyumbani, hiyo neno ilikataa kunitoka. Mtoto wa farasi. Mimi mtoto wa farasi namjua, rafiki yangu. Nilikuwa hapo akizaliwa. Alipotoka tumboni alikuwa tayari anakaribia hizi tufarasi za picha kwa urefu, miguu tupu, anatetemeka kama meza imevunjika. Kaa hapo nikuambie.

Kwetu ni juu ya Chepseon, ukipita soko unapanda mpaka majani chai inafika mlangoni. Babu yangu, sisi tunamwita Kugo, alikuwa saisi, mtu wa kuchunga farasi kwa kampuni moja ya chai. Hiyo mambo ya mameneja kuzunguka shamba na farasi iliisha kabla nizaliwe, lakini meneja wa mwisho alipenda farasi vile mtu mwingine anapenda mpira. Alipohama, jike moja mzee ilibaki hakuna anayeitaka, akampatia Kugo. Mimi nilikuwa sijaanza shule. Kugo alitembea na hiyo farasi kutoka huko kwa kampuni mpaka kwetu, watoto wa njia nzima wakimfuata, na alipofika, Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Hii inakamuliwa wapi?" Kogo akauliza.

"Haikamuliwi."

"Inachinjwa?"

"Haichinjwi."

"Basi ni mgeni. Muulize anaondoka lini."

Kitu Kugo hakusema ni kwamba mgeni alikuwa na mimba. Alijua, lakini alimjua Kogo pia. Mtoto alizaliwa wakati wa mvua ile kubwa, asubuhi, sisi tumesimama na magunia kichwani. Na Kogo yule yule wa mwiko ndiye alimpa jina. Kwetu mtoto wa mtu akizaliwa, wamama wazee huita majina ya watu wa familia waliokufa, moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilopigia chafya ndilo limerudi. Kogo akachukua ugoro wake, akaanza kuita majina mbele ya pua ya hiyo farasi, kwa mchezo tu, anacheka mpaka machozi. Alipotaja Tapkigen, shangazi ya Kugo aliyekuwa mkali mpaka mabwana wawili wakahama, yule mtoto akapiga chafya akanyunyizia Kogo uso wote. Mchezo ukaishia hapo. Kogo akajipangusa, akasema, "Karibu, mama mkwe." Kuanzia hiyo siku hakuna mtu alimwinulia Tapkigen fimbo.

Mama yake hakuishi sana. Tapkigen akabaki, tukakua pamoja, yeye kwa kasi kuliko mimi. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa napita chini ya tumbo yake bila kuinama sana. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi kwa glasi ukishika kwa jua. Ungesikia kwato zake kwa barabara ya murram kabla umwone, na ukiweka sikio kwa shingo yake unasikia kitu inanguruma ndani kama mashine ya posho ikiwa mbali. Asubuhi Kugo alimpangusa na gunia kavu akimwongelesha Kipsigis, kisha kiswahili cha kampuni, kisha matusi kidogo ya kizungu aliyofunzwa na meneja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kukata nyasi ya nepia. Mkono wangu ulinuka farasi hata nikiandika mtihani. Mwalimu alinihamisha dirishani akasema nisipeperushie wengine hiyo harufu, na nilipiga msichana mmoja aliyecheka. Ningempiga tena leo.

Tapkigen hakuwa wa urembo. Alibeba majani. Wamama wakichuna, wanafunga magunia mbili, moja huku moja huku, na anashuka mpaka banda la kupimia bila kuvutwa. Akifika anasimama nyuma ya foleni kama mtu. Jirani yetu alikuwa anamsalimia kabisa, "Chamgei, mama," na anangoja kidogo kama atajibiwa. Jioni kiwanda ikikausha majani, harufu ile tamu inapanda mpaka kwetu, Kogo anatikisa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala, na Kugo amesimama na farasi wake hapo kwa nyasi ya chini, mkono juu ya mgongo wake, anaangalia juu. Hiyo kitu nimekuja kuelewa baadaye. Maisha yake yote Kugo alikuwa mtu wa kuangalia farasi akiinua uso.

Sasa hiyo nyasi ya chini. Kugo alipoanza kuzeeka aligawia watoto wake shamba, na nyasi ya chini ikaenda kwa baba mdogo. Baba mdogo ni mtu wa town, mdomo laini, kila kitu kwake ni plani. Akapanda majani chai mpaka kwa mto. Mwaka haukuisha Tapkigen akawa anakula kwa kamba kando ya barabara, mbavu zikaanza kuonekana. Hapo ndipo baba mdogo akaja Jumapili moja na mkate na sukari, akaketi, akasema kuna mtu anajua huko juu ya Londiani, ana uwanja mkubwa, nyasi mpaka magoti. Akae na Tapkigen.

Kugo alifikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasema sawa, lakini iwe kimanagan.

Kimanagan ni hivi. Ukiwa na ng'ombe wengi au nyasi kidogo, unapeleka ng'ombe kwa rafiki. Anamchunga, anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wako, na watoto wake ni wako. Hakuna karatasi. Unaenda kumtembelea, unakaribishwa, unakula, unaangalia mnyama wako, unarudi. Wazee wetu waliweka mali yao hivyo kwa boma za watu mbali, na wakalala usingizi.

"Sawa baba," baba mdogo akasema. "Hivyo hivyo."

Mtu wa Londiani alikuja na lori. Hakuwa Mkipsigis, na Kipsigis hakuelewa. Kugo aling'oa nyasi, akashika na kamba pamoja, akamkabidhi kwa maneno yale ya zamani, na hayo maneno alijua kwa lugha yake tu. Aliongea muda mrefu. Kwamba huyu ni Tapkigen, hapendi mvua ya mawe, usimfunge karibu na mbwa, kwamba urafiki wetu umeanza leo na nitakuja kukutembelea. Yule mtu akamgeukia baba mdogo. "Mzee anasema nini?"

"Anasema safari njema," baba mdogo akajibu kwa sauti ya chini, Kugo akiwa amegeukia farasi wake.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilifikiria tu kiswahili ni lugha fupi.

Wiki iliyofuata baba mdogo akaleta tufarasi tutatu. Zilishuka kwa pikapu kama mbuzi. Nywele imefunika macho, tumbo pana, miguu kama ya meza ya sebule. "Zawadi baba," akasema. "Hizi hazikumalizii nyasi. Watu wa town wanazipenda, watoto wanapanda, unapiga picha. Ni farasi zile zile, ni vile tu ni fupi."

Kugo akaziangalia sana. "Hata kiti ya nasari ni kiti," akasema. "Kaa basi."

Lakini mnyama akifika kwake hawezi kulala njaa. Alianza upya, mzee wa miaka yake. Kila kitu alichojua kilikuwa cha urefu mwingine. Ua tulikuwa nao lakini zilipita chini, zikamaliza sukuma ya jirani. Tukazipa nyasi kama za Tapkigen, kamoja kakashindwa kusimama wiki nzima, kwato moto kama sufuria, ndiyo Kugo akajifunza hizi ukizishibisha unaziua. Mimi baadaye nilijifundisha kukata kwato kwa kuangalia video kwa simu ya binamu, nikajikata kidole, nikajua. Kugo kuzipangusa ilibidi apige magoti. Jioni akitaka kuinuka anashika ua kwanza, anapumua, halafu anajivuta.

Na baba mdogo akawa anampeleka kazi. Birthday, harusi, graduation. Nilienda naye graduation moja. Jamaa mmoja mkubwa, joho imefungwa juu ya tumbo, akataka kukalia kafarasi apigwe picha.

"Hapana," Kugo akasema. "Hii ni ya watoto."

"Mzee, si ni farasi? Ama ni mbwa?"

Wenzake wakacheka. "Muulize kama inabweka."

Kugo alitabasamu ile tabasamu ya kazi, ya kampuni. Mimi nilimwambia yule jamaa amesoma mpaka akavaa gauni na hajui mgongo unabeba nini, akalie babake. Kugo akanivuta mkono. Njiani hakunigombeza. Alisema tu, "Mwezi ujao tutatembelea Tapkigen." Alisema kama mtu anajipatia dawa.

Tulienda. Amevaa koti ya kanisa, amebeba kibuyu cha mursik, maana huendi kwa rafiki wa kimanagan mikono mitupu. Uwanja ulikuwa mkubwa kweli, nyasi mpaka magoti kweli, na ndani yake kondoo tu. Yule mtu alitukaribisha vizuri, simsemi vibaya. Kugo akanywa chai yote kwanza, kwa heshima, kisha akauliza kwa kiswahili, "Sasa mzee mwenzangu, nionyeshe mnyama wangu."

Yule mtu akashangaa. "Mnyama gani, mzee?"

"Farasi."

"Yule mkubwa? Huyo alienda. Nilimpatia mtu mwingine wa Naivasha, na huyo naye sijui alimpeleka wapi." Akaangalia Kugo, akaangalia mimi. "Mzee, kwani hukuambiwa? Mimi na kijana yako tulibadilishana. Zile ndogo tatu zilikuwa zangu."

Unaelewa hiyo? Miezi yote hiyo Kugo alikuwa anapiga magoti kwa matope kulisha bei ya Tapkigen.

Kugo akainuka. Akamwachia yule mtu kibuyu, maana kilikuwa chake, alikuwa ameletewa. Nje akashika nguzo ya lango kidogo. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, naapa vile nitafanyia baba mdogo, na yeye ananiambia, "Funga lango vizuri, kondoo za watu zitatoka."

Baba mdogo alipokuja, Kogo hakumwekea kiti. Akasimama katikati ya nyumba kama mtu wa kuuza sabuni.

"Baba," akasema, "ningekuuliza, ungekubali?"

"Singekubali," Kugo akasema.

"Sasa unaona."

Kugo akaona. Akatoka nje, kwa sababu saa ya kulisha ilikuwa imefika. Kogo ndiye alibaki, akamwambia mtoto wake, pole pole kabisa, "Wewe umeuza mama mkwe wangu, na hata hakuniaga."

Tulitafuta Naivasha. Niliuliza kila mtu anayejua mtu. Niliona picha za farasi wekundu mpaka macho ikauma, na kila moja Kugo alitazama akasema, si yeye. Siku moja akaacha kuomba nimuonyeshe.

Kogo alizikwa hapo upande wa juu wa nyumba. Kwa banda la majani sasa kuna pikipiki. Kule chini mwa shamba mashine inakata majani inanguruma, na baba mdogo Krismasi anakuja, anakula, Kugo anamwombea baraka. Mimi simsalimii. Watu wa familia wananiambia nisamehe, mambo ni ya kitambo. Kwangu si ya kitambo. Kwangu ni kila asubuhi nikipiga magoti, kwa sababu magoti ya Kugo yamekataa na hizi tufarasi sasa ni zangu. Sizichukii. Hazikujua zimebadilishwa na nani. Lakini sijawahi kuziita jina.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini nikapata ziko mbili. Nikauliza. Kugo ameketi kwa jua, ananiambia mjane wa ng'ambo ya mto ana kasichana hakana wa kucheza naye, kwa hivyo ametoa kamoja. Kimanagan.

"Kugo," nikasema. "Tena?"

"Tena nini?"

"Umeandikishana? Umepiga hata picha?"

Akaniangalia vile unaangalia mtu ameingia nyumba isiyo yake. "Nimempatia nyasi na kamba," akasema. "Mimi nilikuwa nimpe nini, polisi?"

Analala vizuri, huyo mzee. Namsikia akikoroma kupitia ukuta. Mimi ndiye kila Jumapili, watu wakienda kanisa, nashuka mpaka mto, navuka, nasimama nyuma ya miti ya blugamu mahali yule mama hawezi kuniona, naangalia kama kafarasi bado kako. Kako. Kasichana kanakachana nywele na kitana chake mwenyewe. Kila Jumapili kako, na Jumapili inayofuata naenda tena.