Wanjiro wa Kilungu

Mbinya hakuomba kupelekwa kokote. Hilo lijulikane mapema, maana baadaye walikuwepo watu, tena wa kanisani kwake, waliosema kwamba yule mama alipelekwa kutembea na mtoto wake akarudi amenuna bila sababu. Hakuomba. Alipigiwa simu akiwa shambani kwake Kilungu, ameinama na jembe mkononi, na binti yake akamwambia, "Mwaitu, Jumamosi ukuje Nairobi. Nataka nikupeleke trip uone vile majani chai inakaa ikiwa kwa shamba."

Mwaitu ni mama. Mutanu hakuwahi kumwita vingine, na kila akimwita hivyo Mbinya alikuwa radhi kwa lolote.

"Mimi majani naijua," alisema. "Naijua kwa pakiti."

"Sasa utaijua kwa mti. Vaa ile nguo ya kanisa."

Kwa wasiomjua, Mbinya ni yule mama mfupi wa miaka sitini na mbili ambaye machungwa yake huisha mapema soko la Nunguni, na wenzake bado wanapanga yao. Ukimwona unadhani alizaliwa na lile shamba. Sivyo. Shamba hilo karibu alipoteze. Mumewe, Mwau, alikufa Mutanu akiwa na miaka minne, na kaburi halijakauka udongo, mashemeji watatu walikuja na kamba ya kupimia. Walisema mwanamke mwenye mtoto wa kike mmoja ana haja gani na ekari tatu.

Aliyewazima alikuwa mama yao mzazi. Bibi huyo aliitwa Mutanu, na yule mtoto alikuwa amepewa jina lake, kama ilivyo desturi ya Wakamba kumpa binti jina la nyanya yake mzaa baba. Mwau alipokuwa hai alikuwa akimwita yule mtoto mwaitu, mama yangu, na hakuwa anatania. Bibi aliketi kizingitini, akampakata mtoto, akawaambia wanawe, "Huyu ni nani? Semeni jina lake." Wakanyamaza. "Mkishindwa kusema, basi mkimtoa hapa mnanitoa mimi. Nani ataanza?" Hakuna aliyeanza. Wakakunja kamba yao wakaenda zao.

Kwa hiyo jina hilo kwa Mbinya halikuwa jina tu. Lilikuwa ndilo shamba, ndiyo nyumba, ndicho chakula.

Na shamba lenyewe lilikuwa la kutia huruma, mteremko mtupu uliochimbwa na mvua. Mbinya na wanawake wa mwethya, chama chao cha kusaidiana kazi, walichimba matuta kumi kwa miaka kumi na mmoja. Kule huita fanya juu, na ni kweli, maana kila koleo la udongo hutupwa juu ya mtaro, si chini, na bega lako ndilo linalojua tofauti. Matuta ndiyo yaliyozuia udongo, udongo ukashika michungwa, michungwa ikamsomesha Mutanu mpaka akapata cheti cha utalii. Watu wakisema Ukambani ni kavu na watu wake wanangoja chakula cha msaada, Mbinya huwauliza wamewahi kushika koleo lini.

Jumamosi hiyo basi, asubuhi, alikuwa jijini amekaa ndani ya gari la watalii, kiti cha mbele kabisa, kilemba chake kimekaa sawasawa. Dereva alikuwa Irungu, ambaye pia ndiye mwenye gari na mwenye kampuni, mtu wa maneno matamu na miwani ya jua. Nyuma walikaa wageni tisa, wazungu, wakubwa kwa wadogo. Na mbele, amesimama na maikrofoni, alikuwa Mutanu. Mbinya alimtazama mpaka macho yakamlowa. Mtoto alikuwa akimwaga Kiingereza kama maji ya bomba.

Kuna mahali Mutanu alimnyoshea mkono, akasema jambo, na wageni wote wakainua shingo kumtazama Mbinya wakiguna kwa upole. Mbinya akawapungia. Akasikia neno Wanjiro. Kidogo akalisikia tena. Akadhani Wanjiro ni mtu watakayemkuta huko mbele.

Walipopita Limuru baridi ikaingia, na Mutanu akainama kumfunga mama mkanda vizuri. Hapo ndipo beji ya kifuani ilipomjia Mbinya usoni. Kusoma anajua. Ilikuwa imeandikwa Roselyne Wanjiro.

Roselyne lilikuwa jina la ubatizo, hilo hakuna neno. "Hii ingine umeazima kwa nani?" akauliza.

"Tutaongea tukifika, mwaitu."

Waliongea gari liliposimama mahali pa kupigia picha, bonde zima likiwa kijani chini yao, kijani cha kuudhi, cha watu wanaonyeshewa hata wasipoomba. Wageni wakashuka na simu zao. Mutanu akamvuta mama kando.

"Usikasirike. Wageni wanataka guide wa hapa. Irungu aliniambia kitambo, mtu wa Ukambani hawezi kuuza chai, ni kama kumwambia mtu wa jangwa auze samaki. So nikasema mimi ni wa huku. Wanjiro, jina la watu wa huku. Nikasema mamangu alichuma chai hii miaka thelathini."

"Mama yupi?"

Mutanu akashusha sauti.

"Leo ni trip special. Kwa programu imeandikwa watakutana na mama ya guide. Utachuma kidogo, wapige picha, mkunywe chai, tumalize. Wewe ongea tu Kikamba, chochote, hawajui. Mimi natafsiri."

Kumbe Mbinya hakuletwa kutembea. Aliletwa kama sufuria inayobebwa kwenda harusini, kwa sababu ina kazi huko. Na ile nguo ya kanisa, na ule usiku aliolala akifurahi kama mtoto! Alitaka kuchapa mtu. Lakini tangu Mutanu azaliwe Mbinya hajawahi kumwinulia mkono, kwa ajili ya jina lile lile, na sasa mwenye jina amelivua akalitupa barabarani.

"Sikiliza," akasema, na sauti yake ilikuwa chini, jambo lililomtisha Mutanu kuliko kelele. "Sitakuaibisha mbele ya watu. Lakini kabla turudi Nairobi, uwaambie jina lako. Wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Hiyo tu. Chai, uongo wa kuchuma, mimi nitameza."

"Irungu atanifuta kazi, mwaitu. Leo leo."

"Akufute ukiwa Mutanu."

Irungu akapiga honi.

Shambani walipokewa na Mama Kanyi, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyeusi vya utomvu, ambaye yeye ndiye aliyechuma chai miaka arobaini ya kweli, na ambaye hakuna aliyemwandika kwenye programu yoyote. Akamvika Mbinya kikapu mgongoni. Wageni wakasogea na simu zao. "Haya mama, waonyeshe," Irungu akasema, amejaa tabasamu.

Mbinya akachuma. Na akachuma kwa bidii, kwa kuwa hasira humpa mtu mikono myepesi. Lakini mikono ile ilikuwa imezoea kunde. Mboga ya kunde unachukua majani yaliyokomaa kidogo na kuiacha ncha ya juu, ili mmea uendelee, kesho ule tena. Hivyo ndivyo alivyofanya. Akapita mstari mzima akichukua majani mapana ya chini, na vile vichipukizi laini vya juu akavikwepa kwa adabu kabisa.

Mama Kanyi akachungulia kikapuni, akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. "Ngai! Mama, umeacha chai yote kwa mti ukatuchumia takataka!"

Wageni wakacheka kwa kuwa yeye amecheka, wakamgeukia Mutanu wajue amesema nini. Mutanu akasema maneno machache ya Kiingereza. Wageni wakapiga makofi.

Mama Kanyi aliacha kucheka. Miaka arobaini ya kupigwa picha ilikuwa imemfundisha Kiingereza kuliko watu walivyodhani. Akamwinamia Mbinya. "Ati nimesema mikono yako haijasahau kazi," akamwambia. "Mbona huyu msichana ananiwekea maneno kwa mdomo?"

Mbinya aliona haya, akaona hasira, na hasira ikashinda. Kumbe binti yake hakumwibia yeye peke yake. Alikuwa amesimama katikati ya kila mtu na kila neno, na hakuna lililopita likiwa zima.

Chai ikaandaliwa kwenye nyasi, mezani, na vikombe vyenye maua. Mzee mmoja wa wageni, mwenye nywele nyeupe na uso wa mtu mwema, akauliza jambo kwa upole akimtazama Mbinya. Mutanu akageuka. "Anaomba uwaambie maisha yako."

Mbinya akasimama. Akaweka kikombe chini. Akaongea Kikamba, polepole, ili asije mtu akasema hakusikika. Akasema yeye ni Mbinya, mke wa Mwau, wa Kilungu. Akasema juu ya mashemeji na kamba yao. Akasema juu ya matuta kumi, na machungwa ya Nunguni. Kisha akangoja tafsiri.

Kiingereza hakukijua, ila jambo moja alilijua. Ukisema Kilungu kwa Kikamba ni Kilungu, na kwa Kiingereza ni Kilungu. Ukisema Mwau, popote duniani ni Mwau. Basi akatega sikio, si kwa maneno, kwa majina tu. Mutanu akaongea kwa muda mrefu na kwa sauti nzuri. Wageni wakatikisa vichwa. Mama mmoja akafuta machozi. Na Kilungu haikupita. Nunguni haikupita. Mwau, baba wa mtoto huyo, aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda kisimani, hakupita hata mara moja.

Mbinya akamtazama binti yake. Mutanu akatazama kando.

Hapo Mbinya akaamua kuacha maneno, kwa kuwa maneno yanageuzwa. Akaizunguka meza, akafika pale Mutanu aliposimama, akaweka kidole kifuani pake, juu ya ile beji.

"Mutanu," akasema.

Wageni wakashusha vikombe.

"Mutanu," akarudia, akiwageukia wageni, kisha akigonga beji tena. "Mutanu. Mutanu."

Yule mzee mwema akasogea mbele. Akauliza, na katikati ya Kiingereza chake neno lile likasikika waziwazi, limepinda kidogo lakini lenyewe. Anauliza Mutanu ni nini.

Mbinya akajua sasa mlango umefungwa pande zote. Hapakuwa na namna ya kulipinda swali hilo. Jina limeulizwa, na mwenye jina amesimama. Alikuwa akiomba moyoni, na sina haja ya kuficha, alikuwa akimwomba mama mkwe wake aliye kaburini kuliko alivyomwomba Mungu. Sema. Sema tu. Tutauza machungwa pamoja, sema.

Mutanu akamtazama Irungu, aliyekuwa ameegemea gari, amevua miwani. Kisha akawatabasamia wageni, tabasamu zuri la kazi.

"Happy," akasema. "She says she is happy."

Wala hakudanganya. Hilo ndilo lililomkata Mbinya maini. Kwa Kikamba mutanu ni mtu mwenye furaha, na bibi yule alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mwaka wa mavuno. Na happy ni neno ambalo hata Mbinya analijua, huandikwa kwenye keki na watoto huliimba. Katika uongo wote wa siku ile, binti yake alikuwa amelitafsiri neno moja kwa usahihi, na kwa usahihi huo huo akalizika.

Yule mzee akaweka mkono kifuani. Wageni wakapiga makofi, wengine wakajaribu kulitamka, "Mutanu, Mutanu," wakimtabasamia Mbinya, kila mmoja akimwambia jinsi anavyofurahi. Mama Kanyi peke yake hakupiga makofi. Alichukua kikapu chake akarudi mashambani.

Mbinya hakulia. Hasira ilikuwa bado ipo yote, ila sasa ilikuwa imetulia, imekaa mahali ambapo ingekaa miaka. Akafunga kilemba upya. Akatangulia kwenda garini, akasimama kando ya mlango wa kusukuma, ule mzito, wageni wakipanga foleni nyuma yake. Mutanu alikuwa mbali kidogo, akikusanya vikombe.

"Wanjiro," Mbinya akaita. Aliita kwa heshima, kwa sauti ile mtu anayomwitia mtoto wa wenyewe. "Wanjiro, nisaidie kufungua mlango, tafadhali. Kwetu ni mbali."

Kikombe kikasimama mkononi mwa Mutanu.

"Wanjiro," Irungu akasema, "si unaitwa na mama?"

Na akaitika.