Madamu Nusu

Sokoni mimi ni mtu wa kushindwa. Muuzaji akitaja bei, moyo unanidunda kana kwamba nimeitwa ubaoni, na kabla sijafikiri lolote mkono umeshatoa pesa. Siku moja katika soko la Rumonge mama mmoja alinitajia bei ya fungu la nyanya, nikalipa hapo hapo. Akabaki ameshika zile faranga, akinitazama. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, nami nilikuwa nimemnyima raha yake.

"Yewe mutoto, haubishane?"

Nikamwambia bei ni nzuri.

"Bei iko mubaya!" akasema kwa ukali, yeye mwenyewe aliyeitaja, kisha akaniongezea nyanya nyingine kwa huruma. Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Nilirudi nyumbani na nyanya nyingi na aibu nyingi zaidi, na njia nzima nilikuwa natunga majibu ambayo ningempa.

Ndivyo nilivyo. Majibu yangu huja baadaye, nikiwa peke yangu. Kwa hiyo nilipoanza kuishi peke yangu, na kula peke yangu, tatizo halikuwa kupika. Lilikuwa kununua.

Nilikuwa nimemaliza chuo Bujumbura na kupata staji, yaani mafunzo ya kazi, huko Rumonge katika ofisi ndogo ya watu wanaokusanya mafuta ya mawese kwa wakulima. Posho ya staji ilikuwa ndogo, lakini kulikuwa na ahadi kwamba atakayevumilia hadi mwisho atafikiriwa kazi. Nikapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, kwenye njia inayoshuka ziwani. Wazazi wangu wako juu milimani, Bugarama, wanalima. Aliyenisomesha ni shangazi yangu wa Kabezi, dada ya baba, ambaye namwita Masenge kama tunavyowaita mashangazi kwa Kirundi, na Masenge hakukipenda kile chumba hata kabla ya kukiona.

"Mutu mumoja anapika nini?" aliniuliza kwenye simu. "Hata moto unaona haya kuwashwa kwa ajili ya mutu mumoja."

"Nitapika kidogo, Masenge."

"Kidogo haipikwe. Kidogo inaungua." Nikajua hukumu inakuja. "Sawa. Kaa. Lakini siku moja nitakuja kuona. Nikikuta jiko limelala, unafunga vitu vyako, tunapanda gari pamoja."

Kupanda gari pamoja kulimaanisha kurudi kulala na binamu zangu Kabezi, na kutoka Kabezi, kwa jinsi esansi, yaani petroli, inavyopatikana kwa shida siku hizi, hakuna anayeweza kufika kazini Rumonge kila asubuhi. Kulimaanisha kuiacha staji. Masenge hakulisema hilo. Nililisema mimi, kichwani, kila nilipofunika sufuria.

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyeniingiza katika kundi la wauzaji kwenye simu. Asubuhi wanaweka picha: mchele, unga wa muhogo, mawese ndani ya chupa za maji, maharage, vitunguu, samaki. Unaandika unachotaka, unalipa kwa simu, pikipiki inakuletea. Niliwasoma kwa siku kadhaa bila kuandika neno, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha nikagundua jambo lililonifanya nicheke peke yangu: kwenye simu hakuna anayekuona macho. Hakuna anayejua kwamba moyo unadunda. Unaweza kuandika, kufuta, kuandika upya, kwenda kuoga, kurudi na kufuta tena. Yale majibu yangu yanayochelewa, hapa yalikuwa yanafika kwa wakati.

Kwa maandishi nilikuwa simba. Niliuliza vile vitu ambavyo watu wengine hawaviulizi mbele za watu. Ule mchele uliovunjika, uliobaki chini ya gunia, upo? Vitunguu vilivyoanza kuota majani, unavitoa kwa bei gani? Mchele uliovunjika ukiiva haumwambii mtu kwamba ulivunjika, na majani ya kitunguu nayo ni mboga. Halafu kila swali nilimalizia kwa ombi lile lile: naomba nusu. Wauzaji walikuwa wamezoea familia. Wanapima gunia, wanapima kilo tano, na mtu akija na nusu wanadhani amekosea kuandika.

"Nusu ya gunia?" mmoja aliniuliza.

"Nusu ya kilo."

"Una kuku mumoja anakula kwako?"

Jina likanikaa. Nikawa Madamu Nusu, na nikiandika tu salamu, "Amahoro", watu walianza kuweka vichekesho kabla sijasema shida yangu. Mimi ambaye sokoni nilitamani ardhi ipasuke, humo nilijibu. "Kuku huyo amesoma chuo," niliandika, baada ya kufuta majibu mengine kadhaa, "ndiyo maana hashibi."

Lakini pikipiki ilikuwa inaniua. Nusu kilo ya kitu na kilo kumi husafiri kwa nauli moja, na esansi ilipoadimika nauli ikawa kubwa kuliko mchele wenyewe. Nililifikiria jambo hili kwa wiki nzima, ofisini, njiani, kitandani. Jibu lilikuja nikiwa nafua. Nilikuwa nauliza kila mtu bei, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote anapita wapi akirudi nyumbani.

Nikaanza kuuliza. Mwenye mchele alikuwa na mke aliyesali kanisa la mtaani kwetu. Mwenye mawese alikuwa akija ofisini kwetu karibu kila siku kwa shughuli zake. Na mama aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wa kwetu ambao ng'ambo wanawaita dagaa, mama mwenye sauti nene na Kiswahili cha upande wa Uvira, alikuwa anapita mbele ya geti letu kila alipotoka mwaloni, wanakoshusha samaki, beseni kichwani.

"Kumbe ni hapo!" akasema. "Kila siku napita na samaki zangu, weye unalipa pikipiki ikuletee samaki zile zile. Pesa yako iko inatembea bure."

Tangu siku hiyo hakuna nauli niliyolipa. Yeye alikuwa anasimama getini na kuita ili mtaa mzima usikie: "Madamu Nusu! Toka, samaki zako zinalia huku!"

Huyu mama ndiye aliyenifundisha mwezi, ingawa alifanya hivyo kwa kunicheka. Nilikuwa nimepata posho na kumwandikia kama kawaida. Akanitajia bei iliyonishangaza. Nikaisoma tena. Nikaanza kujiuliza nimemkosea wapi. Labda nilipomaliza kwa "murakoze", asante, peke yake ilionekana kama dharau. Labda amesikia kwamba nanunua vitunguu kwa mwingine. Nikatunga ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikautuma. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, na kabla ya maneno kulikuwa na kicheko.

"Weye mutoto wa mulimani, haujaangalia juu? Mwezi umejaa! Taa za wavuvi zitamudanganya samaki gani, wakati anaona vizuri kuliko wao? Wanaume wako nyumbani wanakula na kulala. Acha kuniomba musamaha. Ukitaka shauri langu, shika hili: giza unanunua, mwezi unakula."

Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hawezi kufanya kosa lile. Kwetu Bugarama mwezi mkubwa ni wa kutembelea bila tochi, hauhusiani na mboga. Basi nikaanza kuangalia juu. Mwezi ukipotea na taa za mitumbwi zikijaa ziwani kama mji mwingine, nilinunua. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikununua zilizonitosha tu. Kila mara nilitoa konzi moja ya ndagala zilizokauka vizuri na kuziweka kando, katika ndoo yenye kifuniko chini ya kitanda. Je, wakilifunga ziwa ili samaki wazaliane? Je, mama akiugua? Je, nikiugua mimi? Kila "je" ilikuwa na konzi yake ya ndagala. Nilifanya hivyo hivyo kwa mchele na mawese. Nilijiona mgonjwa kidogo, na sikumwambia mtu.

Masenge alikuja Jumapili. Alinipigia simu akiwa tayari njiani, upepo ukipiga dirishani.

"Tumeshaiacha Kabezi. Niko na binamu zako wawili."

Binamu zangu hao ni wanaume wazima wanaobeba mizigo, na hula kama watu wanaobeba mizigo. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa umejaa kabisa.

Mgeni kama Masenge anapikiwa mukeke. Hilo halina mjadala. Samaki mzima, amekatwakatwa mistari mbavuni, na ndimu pembeni. Nilifungua kundi. Kimya. Hakuna picha hata moja ya samaki. Nikamwandikia mama wa ndagala.

"Mukeke iko," akajibu, "lakini bei yake hata mimi naona haya kuitaja." Kisha akaitaja.

Nilikaa kitandani. Pesa ilikuwepo. Ilikuwa yote niliyobaki nayo hadi posho, lakini ilikuwepo. Niliandika "Niletee," nikafuta. Niliandika "Niletee nusu," nikafuta, kwani nusu ya mukeke kwa shangazi aliyekusomesha ni tusi. Nilimwona Masenge akila samaki, akifurahi, akirudi Kabezi, na mimi nikibaki na maji ya moto. Ningekuwa nimeshinda siku moja. Kisha akilini mwangu, ambamo kwa kawaida kila mtu huongea kwa wakati mmoja, pakawa kimya. Masenge haji kuona kama ninaweza kula leo. Anakuja kuona kama nitakula kesho.

Nikaandika, na mara hii sikufuta: "Asante mama, hapana. Leo nakula mwezi."

Akanirudishia kicheko tu.

Nikaivuta ndoo. Ilikuwa imejaa kuliko nilivyodhani. Woga wangu ulikuwa umefanya kazi nzuri. Nikaziosha ndagala kwa maji ya moto, nikazikausha, nikazikaanga katika mawese hadi zikaanza kulia ndani ya sufuria, nikatia vitunguu pamoja na majani yake, nyanya, pilipili. Maharage yalikuwepo, kwani huwa napika ya wiki nzima kwa makaa ya mara moja. Ule mchele uliovunjika nikaupika wote. Harufu ikatoka hadi kwa mwenye nyumba, akaniuliza dirishani kama kuna harusi.

Masenge hakukaa alipofika. Hakupokea hata maji. Alikuwa ameshika mfuko mkubwa wa mistari, ule wa kusafiria, na ulikuwa mtupu. Niliuelewa mara moja. Ulikuwa wa nguo zangu.

Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akafunua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akainama kuangalia chini ya kitanda, akaivuta ndoo, akaifungua, akanusa. Yeye ni mtu wa kando ya ziwa.

"Ndagala," akasema. "Na mwezi kama huu. Umezitoa wapi?"

"Nilizinunua wakati wa giza, Masenge."

Alinitazama kama yule mama wa nyanya, ila bila huruma. Kisha akauweka ule mfuko chini, akakaa juu ya kitanda changu, akavua viatu.

"Leta maji tunawe."

Wale binamu walikula kama nilivyoogopa, na sikuogopa tena. Mmoja wao, mdomo umejaa, alimgeukia mama yake. "Mama, na weye ulituambia tule kabla ya kutoka! Ulisema huku tutakuta chai ya rangi."

"Kula, nyamaza," Masenge akasema.

"Nilikula viazi bure!"

"Nimesema nyamaza." Lakini alikuwa anacheka, na alijipakulia tena mwenyewe bila kukaribishwa, jambo ambalo Masenge halifanyi nyumbani kwa mtu. Nilijua hapo kwamba kile chumba kimekuwa nyumbani kwa mtu.

Miaka yote ya shule, kila nilipoondoka Kabezi, Masenge alinifungia impamba, chakula cha safari, na kunikatalia nisikifungue kabla ya kufika. Alipoanza kutafuta viatu vyake, niliuchukua ule mfuko wa mistari. Nikatia ndagala zilizofungwa vizuri, chupa ya mawese, na mchele wa kutosha watu watatu. Mfuko ulikuwa mkubwa mno kwa vitu vile, ukalala kama tumbo la mtu aliyefunga, lakini haukuwa mtupu.

"Usiufungue njiani," nikamwambia.

Aliubeba mwenyewe hadi kituoni, akawanyima wanawe. Gari lilipowashwa akatoa kichwa dirishani, nikadhani ananibariki.

"Lile kundi la simu," akasema. "Uniingize."

Jioni ile niliandika kundini kwamba giza likirudi mama wa ndagala aniletee kilo nzima. Wakaamini simu yangu imeibiwa.