Dereva wa Vihiga na mizimu ya kiti cha nyuma

Saa tatu asubuhi, kilomita mia mbili na ushei magharibi mwa Riyadh, birika linapiga chafya. Elphas Amalemba anakaza mikono kwenye usukani na kushusha pumzi. Anajua chafya hiyo itafuatwa na sauti ya msichana ikiita "Jaddati? Jaddati?", yaani nyanya yangu, kisha kinanda, kisha mvua. Hii ni mara ya pili leo na mji wa Taif bado uko mbali sana.

"Sasa chanuo litalia," anajiambia chini chini. Chanuo linalia.

Birika na chanuo ni wahusika wa katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiarabu. Ni kisa cha upole kisicho na vita wala makelele. Msichana anapelekwa milimani kwenye nyumba ya nyanya yake aliyefariki na kugundua kwamba kila chombo mle ndani kina mzimu mdogo unaotunza kumbukumbu moja ya familia. Jamaa wakisahau, mzimu hunywea. Nyumba inataka kuuzwa, na msichana ana siku saba za kuisikiliza mizimu yote.

Elphas ameisikia katuni hiyo zaidi ya mara mia moja. Hajaiona hata mara moja. Skrini zimefungwa nyuma ya viti vya mbele, mbele ya macho ya abiria, na yeye macho yake yanatakiwa barabarani.

"Mimi najua birika lina mafua, lakini sijui ni la rangi gani," anasema. "Najua mlango unapiga kelele. Najua nyanya alipenda karanga. Sasa hayo yote ya nini kichwani mwangu?"

Tulikutana naye Ijumaa katika mkahawa mdogo wa mtaa wa Ghulail, Jeddah, ambako Wakenya hupata ugali unaosimama na sukuma isiyotiwa iliki. Ana umri wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Emuhaya, kaunti ya Vihiga, na huu ni mwaka wake wa nne nchini Saudi Arabia. Ni dereva wa nyumbani kwa mshahara wa riali 1,800 kwa mwezi, na 1,300 kati ya hizo huzituma kwa mkewe, Valary. Familia anayoitumikia, ambayo hatutaitaja, inaishi Riyadh na ina ofisi Al-Murabba.

Taabu ya katuni ilianza miezi mitano iliyopita, mama mzazi wa madam, mke wa bosi wake, alipofariki na kuacha nyumba iliyojaa vyombo mtaani Al-Baghdadiyah, hapa Jeddah. Tangu hapo, mara mbili kila mwezi, Elphas humleta madam kuja kuvihamisha. Ndege ipo, tena ya saa moja na nusu tu, lakini madam anataka kurudi na vyombo vya mamake garini. Hufungua kabati moja, hulia, hulifunga, na safari ya Riyadh huanza upya na buli moja na mito miwili.

Ni mwendo wa karibu kilomita elfu moja. Tena Elphas ni Mkristo, hivyo hawezi kukatiza Makka. Hulazimika kuzunguka kwa barabara iliyotengewa wasio Waislamu. Kwa saa kumi hivi, pamoja na kujaza mafuta na kusimama kwa swala, katuni huingia mara tano na kipande kikabaki.

Anayeitaka ni Dana, bintiye madam mwenye miaka sita. Visikilizio vya masikioni havitaki, anasema vinamfinya. Siku moja Elphas alijitia ujasiri akapunguza sauti kidogo tu. Dana alilia mpaka Taif. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hawakuwahi kuajiriwa na baba wa mwana huyo.

"Elphas ananung'unika kuliko mizimu yenyewe," anasema Mourine Nafula, yaya kutoka Bungoma ambaye husafiri nao akimpakata Faris, mdogo wake Dana mwenye miezi kumi. "Mimi nilishaizoea. Ile sehemu ya mvua hata husinzia."

Lakini Mourine anajua vizuri kinachomchoma mwenzake. Katika katuni hiyo mtoto anamwita nyanya yake marehemu kutwa nzima, na kila akiita, anaitikiwa. Elphas naye hakumzika mama yake.

Mama Rispah Amalemba alifariki kwa shinikizo la damu mwaka jana, mwezi wa saba. Elphas alipata habari akiwa kituo cha mafuta. Bosi alimpa pole, akampa riali mia tano za mchango, akasema ruhusa ya kusafiri itangoje kidogo kwa sababu hapakuwa na dereva mwingine. Maziko aliyatazama kwa simu, ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka kubwa huku madam akinunua mapazia. Mtandao ulikatika wakati wa kutia udongo.

Miezi miwili baadaye Valary, aliyeshika mimba wakati wa likizo ya mwisho ya Elphas, alijifungua mtoto wa kike. Hilo likafungua shida nyingine.

Katika ukoo wa Elphas, mtoto huitwa jina la marehemu. Aghalabu marehemu mwenyewe ndiye huchagua: mtoto akilia bila kukoma, wazee hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine, na likitajwa lile linalotakiwa, mtoto hunyamaza. Binti huyu alinyamaza jina la Rispah lilipotajwa. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja kwa kaka mkubwa, Josphat, ambaye ndiye mshika desturi wa boma. Alisema mtoto hataitwa jina hilo mpaka baba yake atie udongo kaburini kwa mkono wake. Tulimpigia simu Emuhaya kumuuliza kama hawezi kulegeza. Alijibu kwamba mama ni mama, na mwanawe hawezi kumrudisha nyumbani kwa jina kabla ya kumsindikiza kaburini.

Basi msichana ana mwaka na miezi miwili na bado hana jina. Kadi yake ya kliniki imeandikwa "Baby wa Elphas".

"Nesi huniuliza kila mara, mama, huyu mtoto mtamwita lini?" anasema Valary kwa simu. "Namwambia muulize bosi wa mzee."

Bosi naye alikuwa na majibu yake. Kwanza alisema baada ya Ramadhani. Kisha ikawa baada ya Hija, kisha shule zikifungwa, na shule zilipofungwa ikawa zikifunguliwa. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililomchosha Elphas zaidi, kwani mtu mpole hata kumkasirikia huwezi. Alimuuliza tu kwa utulivu: mama yako ameshazikwa, halas, yamekwisha, haraka ya nini?

Elphas angemweleza, ila Kiarabu chake kilikuwa cha barabarani. Anajua kulia, kushoto, ngoja, mafuta, shule, foleni. Kaburi, ukoo na jina la mtoto havimo katika msamiati wa dereva. Kila alipojaribu, aliishia kusema "mama, mafi", yaani mama hayupo, na bosi akaitikia kwamba ndiyo, anajua, Mungu amrehemu.

Mambo yaliharibika mwezi uliopita. Walikuwa wamesimama njiani, madam akiswali, Mourine akimbadilisha Faris nepi. Dana alimfuata Elphas kwenye kivuli cha gari na kumuuliza kwa nini nyanya yake hatokei kwenye nyumba ya Jeddah kama yule wa kwenye katuni. Alikuwa amefungua makabati yote, na hata birika alikuwa ameliita.

Mtu mwingine angemwambia amuulize mamake. Elphas alimjibu kama ambavyo angemjibu mtoto yeyote wa Emuhaya. Alimwambia, kwa maneno machache aliyokuwa nayo na mikono, kwamba kwao nyanya haingii kwenye birika. Huja kwa mtoto mchanga, na mtoto akilia, watu huita majina.

"Mdomo uliponza kichwa," anasema. "Lakini mtoto ameniuliza swali la heshima. Ningenyamaza?"

Kesho yake, Al-Baghdadiyah, Faris alikuwa anaota meno na kulia tangu asubuhi. Dana alipanda kiti, akasimama mbele ya mdogo wake na kuanza kuita wafu wa familia kwa sauti ya mwalimu anayeita rejista. Faris hakunyamaza kwa yeyote. Marehemu walipomwishia, Dana alimwendea mamake jikoni akamwomba amwongezee wengine. Madam aliuliza mchezo huo kaufunza nani, na Dana, ambaye hajui kusema uongo, akamtaja Elphas.

Mourine anasema alitoka mbio kumtafuta Elphas. Katika nchi hii neno la uchawi si la mzaha. Mtu anaweza kutiwa ndani kwa hirizi moja, sembuse kumwitia wafu mtoto wa mwenye nyumba. "Nilimwambia, Elphas, wewe unadhani uko Luanda sokoni, kule Vihiga? Hapa ni Saudia!"

Bosi, aliyekuwa amekuja kwa ndege wikendi hiyo, alimwita Elphas sebuleni baada ya swala ya alasiri. Madam alikaa kando, macho mekundu. Dana alikuwa sakafuni na tabuleti yake. Bosi alisema kwa sauti ileile ya upole kwamba amesikia jambo zito, na kama ni kweli, Elphas atarudishwa Kenya kwa safari ya mwisho isiyo na kurudi, bila barua ya mwajiri wala kazi tena.

Hapo, anasema Elphas, hasira zote za barabara zilimpanda. Mara mia moja za katuni, mwaka mzima wa "baadaye", udongo ambao hakuutia. Alifungua mdomo kusema "mama, mafi" kama kawaida, na maneno mengine yakaanza kutoka.

Alisema jaddati. Alisema kumbukumbu, kusahau, roho, nyumba ya wazee, jina, yote kwa Kiarabu kilichonyooka ambacho bosi hakuwahi kumsikia nacho. Alisema ana binti ambaye mpaka leo hana jina, kwa sababu jina hilo ni la mama yake, na yeye hajaliaga kaburi. Alisema kwao hawaabudu wafu, wanawakumbuka tu. Na alipotafuta neno la kumalizia akalikosa, akachukua sentensi nzima kama ilivyo: "Asiyeitwa jina hajui njia ya kurudi nyumbani."

Ndipo Dana alipoinua kichwa.

"Hayo ni maneno ya birika," alisema. "Lakini umesahau chafya."

Madam alicheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akalia kabisa. Bosi alitazama zulia. Alipotulia, madam alimuuliza Elphas mtoto wake ana umri gani. Akamjibu. Akamuuliza huyo mama alikuwa anaitwa nani, na Elphas akasema Rispah, na madam akalirudia polepole. Kisha akamgeukia mumewe na kumwambia neno moja ambalo Elphas alilijua vizuri sana, kwa kuwa huambiwa yeye kila siku: yalla, yaani haya, upesi.

Bosi alitoa simu. Ruhusa ya kutoka na kurudi hutolewa kwa simu siku hizi, kwa kubonyeza tu. Elphas alisimama pale akiangalia saa ya ukutani.

"Dakika tatu," anasema, na hapa anasukuma sahani ya ugali mbali. "Nimeomba kwa mwaka na zaidi. Nimekonda. Nimegombana na mke wangu kwenye simu. Kumbe ni dakika tatu, na moja kati ya hizo alikuwa anatafuta miwani."

Shukrani anayo, anasema, ila amechoka kuitoa. Wenzake wa Ghulail wanamtania aiandikie katuni barua ya asante. Yeye hataki kusikia. Kuna mamia ya madereva kama yeye, anasema, wanaosubiri dakika zao tatu, na hawana birika la kuwasemea.

Siku ya safari ni Ijumaa ijayo: ndege kutoka Jeddah hadi Nairobi, kisha basi la Luanda. Amenunua kanga mbili na viatu vidogo ambavyo Valary alimtumia kipimo chavyo kwa uzi uliopigwa picha. Amempigia Josphat kumweleza asichinje kitu wala kualika watu. Atakwenda kaburini kabla ya kunywa chai, atatia udongo, atasimama hapo kadiri atakavyoweza, kisha ataingia nyumbani kumwita binti yake jina.

Kinachomnyima raha sasa ni mtoto mwenyewe. Kwa mwaka mzima watu wote wamemwita Baby, na kwenye simu ya video Elphas huona jinsi anavyogeuka haraka akiitwa hivyo. Mtoto hamjui baba, kwake ni sauti tu ya kwenye kioo. Jina la Rispah alilisikia siku chache tu alipokuwa mchanga.

Tunamuuliza atafanya nini akiita jina hilo mlangoni na mtoto asigeuke.

"Nitaita tena," anasema. "Mimi ndiye niliyechelewa, si yeye."