Ukuta wa Jikoni

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha jikoni kwetu Kitengela, asubuhi ambayo fundi alipanga vigae vikavu sakafuni ili mama achague jinsi vitakavyolazwa.

Alianza na safu zilizonyooka kutoka mlangoni. Zilipofika ukuta wa nyuma, pengo lilikuwa jembamba upande mmoja na pana upande wa pili.

"Mama, huu ukuta umeenda kando," fundi akacheka. "Aliyejenga alikuwa amelewa?"

"Ni mzee wangu alijenga. Na hapa hakunywewi pombe."

Baba alikuwa ameijenga nyumba hiyo mwenyewe, kwa mawe ya machimbo alikofanya kazi, na Jumamosi wajomba zangu wangekuja kuiona, wao waliosema hatawahi kumjengea dada yao.

"Vilaze mshazari," mama akasema. "Hivyo macho hayatashika ukuta."

"Vitakatwa vingi, vinaweza kuisha."

"Vikiisha, pale chini ya kabati tuache simiti."

Fundi alikuwa ameshavigeuza baba alipoingia, vumbi la mawe likiwa kwenye nyusi. Aliangalia sakafu, kisha ukuta, kwa muda mrefu.

"Nani alichagua hii?"

"Ni mimi," mama akasema haraka. "Naipenda tu hivi."

Baba akapiga magoti kando ya ukuta, akapitisha kiganja kwenye lile pengo.

"Anza kukatia hapa," akamwambia fundi. "Hapa ndio kamba ya kunyooshea ukuta ilinitoroka."