Ng'ombe Walioletwa Wakati wa Vita

Yule mzee alishuka pikipiki nje ya boma letu, karibu na Angurai, akatusalimu kwa Kiteso cha ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, na kabla hajapewa kiti macho yake yalishafika zizini. Nilimchukia papo hapo.

Mama alinivuta jikoni. "Huyo amefuata ng'ombe," akaninong'oneza. "Wewe funga mdomo."

Wakati wa vita huko Uganda, nikiwa mtoto mchanga, watu wa upande ule walivusha mifugo yao wakaiacha kwa marafiki huku kwetu, ili askari na wezi wasiimalize. Desturi ilijulikana: aliyewekewa anywe maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Baba aliwekewa ng'ombe jike watatu. Mwenyewe hakurudi, baba naye akafariki, na uzao wa hao watatu ndio uliotusomesha, ukaezeka nyumba, ukamlipia kaka mahari. Sasa mtu adai nini, jamani? Kwato?

"Kwani mzee ametoka wapi?" nikamuuliza mgeni, nikimmiminia chai nusu kikombe makusudi.

"Ng'ambo hapo tu, ukishavuka Malaba."

Hapo tu! Mwenye nia safi si angetaja kijiji?

Akauliza kama tunakumbuka vita. Mama akasema hapa hapakuwa na vita. Akauliza kama kuna ng'ombe walioletwa. Mama akajibu kwamba hawa wote wamezaliwa hapa, na kweli hakudanganya. Nikampigia kaka simu aje haraka, kuna tapeli nyumbani.

Mzee akaweka kikombe chini. "Mama, ng'ombe kaeni nao, sikuwafuata. Aliyewaswaga ni kaka yangu. Alikuwa kijana, amevaa koti la baba yetu. Nataka kujua tu kama alifika."

Nilimkazia mama macho asikubali, maana hata huo ungeweza kuwa mtego. Lakini alikuwa ameshakaa chini.

"Alifika," akasema. "Koti lilimzidi, nikamkunjia mikono. Tulimsihi alale hapa, asirudi kwenye risasi. Mume wangu hata alimshika kwa nguvu. Wapi! Alikataa."

"Akaenda wapi?"

"Alirudi huko kwenu. Alisema amemficha mdogo wake kwenye shamba la mihogo, na amemwambia asitoke mpaka yeye amfuate."